Zawadi za Uongo za Sarafu za Kidijitali: Namna ya Kuzitambua na Kujikinga

Kila mwaka, msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Mwandoya na kata nyingine za Wilaya ya Meatu. Sehemu ya malipo hupitia benki na sehemu hupitia simu ya mkononi. Simu hiyohiyo ndiyo inayobeba makundi ya WhatsApp, Facebook, TikTok na Telegram. Kwa hiyo mlango unaopitisha malipo halali ya mkulima ndio unaobishwa hodi na matapeli.

Miongoni mwa ulaghai unaopita mlangoni humo ni tangazo la zawadi ya sarafu za kidijitali. Tangazo hubeba picha ya tajiri maarufu, kiongozi au kampuni kubwa, na ahadi yake ni nyepesi kueleweka: anayetuma kiasi fulani atarudishiwa mara mbili ndani ya muda mfupi. Anayetuma shilingi 50,000 aambiwe atapata 100,000. Anayetuma laki mbili aambiwe atapata laki nne. Hakuna anayerudishiwa. Makala haya yanaeleza ulaghai huo unavyofanya kazi, dalili zake, na hatua za kuchukua kwa mwananchi ambaye tayari ametuma fedha.

Sarafu ya kidijitali ni nini

Sarafu ya kidijitali, ambayo vijana wengi huiita kripto, ni thamani inayohifadhiwa na kuhamishwa kwa kompyuta bila noti wala sarafu ya chuma. Inayojulikana zaidi ni Bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009. Kumbukumbu za nani amemtumia nani hazitunzwi na benki moja, bali huandikwa katika daftari la pamoja ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Mwenye sarafu huzifikia kupitia pochi ya kidijitali, yaani programu inayotunza funguo za siri. Pochi hiyo ina anwani, ambayo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu.

Mambo mawili katika mfumo huo humnufaisha tapeli. La kwanza, muamala ukishathibitishwa na kuandikwa katika daftari haufutwi. Katika fedha za mitandao ya simu, aliyekosea namba anaweza kupiga huduma kwa wateja, na iwapo mpokeaji hajatoa fedha, muamala unaweza kuzuiwa. Katika Bitcoin hakuna dawati la namna hiyo wala meneja wa kupigiwa simu. La pili, anwani ya pochi haioneshi jina la mwenye pochi. Mtu yeyote anaweza kutengeneza anwani mpya kwa dakika chache na kudai kuwa ni ya tajiri wa Marekani.

Jambo la tatu humnufaisha mwananchi, na ni vema likashikwa. Ili mtu apokee sarafu za kidijitali, anachopaswa kutoa ni anwani yake tu, kama vile anayepokea fedha kwa simu anavyotoa namba yake tu. Matapeli hudai kuwa ni lazima mtu atume kwanza kiasi kidogo ili "kuthibitisha anwani." Uthibitisho huo haupo. Aliye na nia ya kutoa shilingi laki moja ana uwezo wa kuituma moja kwa moja, na hana sababu ya kudai kwanza elfu hamsini kutoka kwa anayetaka kumsaidia.

Hapo ndipo penye kipimo kikuu: mtoaji wa zawadi anayeanza kwa kupokea si mtoaji. Kipimo hiki hakihitaji mtu ajue Kiingereza wala kompyuta, na kinafaa kwa kila tangazo, hata lile ambalo bado halijabuniwa.

Jinsi ulaghai unavyoendeshwa

Ulaghai huu huwa na hatua zinazofuatana. Kwanza hutafutwa uso unaoaminika. Video ya zamani ya mtu mashuhuri akihojiwa huchukuliwa na kurushwa upya kana kwamba ni matangazo ya moja kwa moja, huku pembeni pakiwekwa anwani ya kutuma fedha. Siku hizi akili unde hutumika kuigiza sauti na midomo ya mhusika, hata asikike akisema maneno ambayo hajawahi kuyasema.

Pili hutengenezwa ukurasa wenye jedwali la miamala, likionesha majina ya watu wanaopokea malipo sekunde kwa sekunde. Jedwali hilo ni maandishi yaliyopangwa na tapeli. Halitokani na daftari halisi la sarafu. Chini yake huwekwa maoni ya shukrani kutoka kwa akaunti zinazoendeshwa na tapeli huyohuyo.

Tatu huongezwa haraka. Saa inayohesabu kurudi nyuma huonesha kuwa nafasi zinakwisha, ili mtu asipate muda wa kumuuliza mwenzake. Mara nyingi ukurasa humtaka mtu asambaze kiungo kwa marafiki kadhaa kabla ya kupata zawadi. Hivyo tangazo humfikia mtu likitoka kwa ndugu, jirani au mshirika wa kanisa, naye huliamini kwa sababu anamwamini aliyelituma, ingawa aliyelituma hakulichunguza.

Nne huja malipo yenyewe. Kwa mwananchi wa Mwandoya, ambaye kwa kawaida hana pochi ya kidijitali, tapeli hutoa namba ya simu ya hapa nchini na kudai kuwa ni ya wakala wa kubadilisha fedha kuwa sarafu. Katika hali hiyo huenda sarafu ya kidijitali isihusike kabisa. Jina lake hutumika kwa kuwa ni geni, lakini fedha zinazoondoka ni shilingi za kawaida kupitia simu ya kawaida.

Tano, na hapa ndipo wengi hupoteza zaidi, mhusika huoneshwa salio. Anafunguliwa ukurasa ulioandikwa kwamba akaunti yake sasa ina shilingi milioni moja au zaidi. Anapotaka kutoa, huambiwa alipe kwanza ada ya kutoa, kisha kodi, kisha gharama ya kufungua akaunti iliyozuiwa. Kila malipo huzaa dai jipya. Tarakimu iliyo kwenye skrini si fedha. Ni maandishi ambayo mwenye ukurasa anaweza kuyaandika apendavyo. Ada halali hukatwa kutoka katika salio lililopo, wala kodi ya Serikali hailipwi kwa namba binafsi ya simu ya mtu asiyefahamika.

Jina kubwa halithibitishi tangazo

Wapo wanaoamini kuwa tangazo likitoka katika akaunti halisi ya mtu mashuhuri haliwezi kuwa la uongo. Matukio kadhaa yanaonesha vinginevyo.

Tarehe 15 Julai 2020 wahalifu waliingia katika mifumo ya Twitter, mtandao ambao sasa unaitwa X, na kuteka akaunti halisi za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na wengine. Akaunti hizo zilitangaza kuwa anayetuma Bitcoin atarudishiwa mara mbili. Kwa saa chache tu wahalifu walikusanya zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Aliyetajwa kuwa kinara wa uhalifu huo alikuwa kijana wa miaka 17 wa jimbo la Florida, ambaye baadaye alikiri makosa.

Tume ya Biashara ya Marekani, inayoshughulikia ulinzi wa walaji, iliripoti kuwa katika miezi sita kuanzia Oktoba 2020 watu walipoteza zaidi ya dola milioni mbili kwa matapeli waliojifanya kuwa Elon Musk peke yake. Kiasi hicho ni kile tu kilichoripotiwa.

Barani Afrika, mwezi Machi 2025 akaunti ya X ya Rais John Mahama wa Ghana ilitekwa na kutumika kutangaza mradi wa sarafu ya kidijitali. Hapa Tanzania, mwezi Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao huo ilidukuliwa na kuchapisha taarifa za uongo, na Jeshi likalazimika kuzikanusha. Ikiwa akaunti za taasisi na viongozi wa ngazi hiyo zinaweza kutekwa, akaunti ya mwalimu, mchungaji au mwenyekiti wa kikundi inaweza kutekwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kinachopaswa kuchunguzwa ni kile kinachoombwa, hata pale jina la anayeomba linapofahamika vizuri.

Sura mpya ya jambo la zamani

Watanzania wameshawahi kulipa gharama ya ahadi za namna hii. DECI ilikusanya fedha za maelfu ya wananchi kwa lugha ya kupanda na kuvuna: aliyepanda mbegu ya fedha aliahidiwa mavuno makubwa kuliko alichopanda. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake, ambao walikuwa wachungaji, kwa kuendesha mradi wa upatu haramu. Katika mradi wa aina hiyo waliotangulia hulipwa kwa fedha za waliofuata, na wanaochelewa huachwa mikono mitupu.

Nchini Uganda, kampuni iliyoitwa Dunamiscoins ilijitambulisha kwa jina la sarafu za kidijitali na kuahidi faida kubwa. Desemba 2019 ofisi zake zilifungwa ghafla, na maelfu ya waliowekeza wakaachwa wakidai.

Tofauti kati ya upatu na zawadi ya uongo ni moja. Upatu huwalipa wachache wa mwanzo ili wawe mashahidi. Zawadi ya uongo mara nyingi haimlipi hata mmoja. Hata hivyo zipo nyakati ambapo tapeli hurudisha kiasi kidogo kwa aliyetuma kidogo, ili atume kikubwa. Mkulima aliyetuma elfu kumi na kurudishiwa elfu ishirini asidhani amethibitisha ukweli wa mradi. Hicho ni chambo, na ndoano iko katika muamala unaofuata.

Msimamo wa Serikali na sheria

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma ikieleza kuwa sarafu za kidijitali si fedha halali nchini na kuwatahadharisha wananchi dhidi ya kuzitumia. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko yanayoletwa na teknolojia hiyo. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliwekwa kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yanayotokana na uhamishaji wa mali za kidijitali.

Matapeli huitumia kodi hiyo kama ushahidi kwamba Serikali imeidhinisha miradi yao. Dai hilo si sahihi. Kutozwa kodi kwa shughuli fulani hakuigeuzi sarafu kuwa fedha halali ya nchi, wala hakumpi tapeli leseni ya kukusanya fedha za umma. Anayetaka kujua kama taasisi ya fedha ina leseni anaweza kuuliza Benki Kuu ya Tanzania, na kwa masuala ya uwekezaji wa hisa na mifuko, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kujifanya mtu mwingine mtandaoni na kufanya udanganyifu kwa kutumia kompyuta. Aliyetapeliwa ametendewa jinai, na hapaswi kuona aibu kutoa taarifa.

Je, zawadi za kweli zipo?

Zipo, na ni haki kusema hivyo. Baadhi ya miradi ya sarafu za kidijitali imewahi kugawa sarafu bure kwa watumiaji wake. Mwaka 2024 vijana wengi wa Afrika Mashariki walicheza mchezo wa Hamster Kombat katika Telegram, na mwezi Septemba mwaka huo mchezo huo uligawa sarafu kwa wachezaji. Wengi wao walilalamika kuwa walichopata kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na muda walioutumia.

Hata katika ugawaji wa kweli, mpokeaji hatakiwi kutaja maneno ya siri ya pochi yake. Maneno hayo, ambayo kwa kawaida huwa 12 au 24, ndiyo ufunguo wa pochi. Anayeyajua anaweza kuhamisha kila kilichomo bila kuhitaji simu ya mwenyewe. Kwa mtumiaji wa fedha za mtandao wa simu, ni sawa na kumpa mgeni namba ya siri pamoja na laini yenyewe. Umaarufu wa michezo ya aina hiyo pia huwapa matapeli nafasi ya kutengeneza kurasa zinazofanana nayo, hivyo tahadhari ni ileile.

Dalili za kuangalia

Mwananchi anashauriwa kusitisha mawasiliano mara moja aonapo hata moja kati ya mambo yafuatayo:

1. Anatakiwa kutuma fedha au sarafu kwanza ili apokee zawadi.
2. Anaahidiwa kurudishiwa mara mbili au zaidi kwa muda mfupi na bila hatari yoyote.
3. Anaombwa namba ya siri, namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, au maneno ya siri ya pochi.
4. Anatakiwa kulipa ada, kodi au dhamana kabla ya kutoa fedha anazooneshwa kuwa ni zake.
5. Anahimizwa afanye haraka, au asimwambie mtu mwingine.
6. Fedha zinatumwa kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi, huku tangazo likitaja kampuni ya kimataifa.
7. Anatakiwa kusambaza kiungo kwa watu kadhaa kabla ya kupewa chochote.

Vikundi vya wajasiriamali vina sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, inayotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba lakini hurejeshwa. Fedha ya kikundi ikipelekwa katika zawadi ya uongo, deni hubaki palepale, na huwalemea hata wanachama ambao hawakushiriki kuituma. Kikundi kinashauriwa kuweka katika katiba yake kuwa fedha haitatumwa popote nje ya shughuli iliyoombewa mkopo bila uamuzi wa kikao na saini za viongozi waliotajwa.

Mawakala wa fedha nao wana nafasi kubwa, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wa mwisho kuonana na mteja kabla fedha hazijaondoka. Swali moja la heshima, kama vile "Mzee, huyu unayemtumia mnafahamiana?", linaweza kuokoa malipo ya msimu mzima.

Kwa aliyekwisha kutuma

Muda ndio unaoamua. Hatua zifuatazo zichukuliwe kwa mfuatano:

Kwanza, asitume tena kiasi chochote, hata akiambiwa kuwa malipo yaliyobaki ni ya mwisho.

Pili, kama alituma kwa simu, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake kwa namba 100 na kuomba muamala uzuiwe. Iwapo fedha hazijatolewa, upo uwezekano wa kuziokoa.

Tatu, atunze ushahidi: ujumbe wa muamala wenye kumbukumbu namba, namba za simu, picha za skrini, kiungo cha ukurasa na anwani ya pochi kama ipo. Asifute mazungumzo kwa hasira wala kwa aibu.

Nne, atume taarifa ya namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya kuripoti ujumbe wa kitapeli. Huduma hiyo husaidia namba husika kufungiwa kabla haijawafikia wengine.

Tano, afike kituo cha polisi na ushahidi wake, afungue taarifa na kupewa namba ya kumbukumbu.

Sita, abadilishe nywila za akaunti zake. Kama alitaja maneno ya siri ya pochi, ahamishe kilichobaki kwenda pochi mpya, kwa sababu ile ya zamani haiwezi tena kuwa salama.

Saba, awe macho dhidi ya ulaghai wa pili. Baada ya muda hujitokeza mtu anayejiita mwanasheria, afisa au mtaalamu wa kompyuta, akidai kuwa anaweza kurejesha fedha zilizopotea kwa malipo kidogo ya awali. Mara nyingi huyo ni tapeli yuleyule au mwenzake, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani ametapeliwa na kwa kiasi gani. Kipimo cha mwanzo hutumika hapa pia: anayeanza kwa kupokea si msaidizi.

Mwananchi asiye na uhakika kuhusu tangazo lolote anashauriwa kulipeleka kabla ya kutuma fedha katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata, kwa afisa maendeleo ya jamii, au kwa polisi kata, ili apate maelekezo. Kuuliza hakuna gharama, na zawadi ya kweli haiwezi kupotea kwa sababu mtu ameuliza. Wazee wasiosoma ujumbe wa simu wao wenyewe wasomewe na mtu wa nyumbani wanayemwamini, na namba ya siri ibaki kuwa ya mwenye laini peke yake.